Chini Kuna Nini? Fundi wa Fanicha Ajibu Barua Zenu

Barua za mwezi huu zimekuja pamoja na mvua. Kila Aprili huwa hivyo: mbao inakunywa unyevu na kuvimba, rangi iliyopakwa kwa pupa Januari inamwumbua aliyeipaka, na watu wananikumbuka. Kwa mgeni wa ukurasa huu, mimi ni fundi wa kumalizia fanicha. Nilianza 1994 nikimpigia mjomba wangu msasa kule Gikomba, Nairobi, siku ambazo mwanamke akionekana kibandani wateja walidhani amemletea mumewe chakula. Leo nina kibanda changu kando ya Ngong Road, moshi wa matatu mbele, vumbi la randa nyuma. Barua nimezifupisha na majina nimeyaacha.

"Hujambo Fundi. Nina meza ya sebuleni ya mahogani niliyoachiwa na mama mkwe. Ilikuwa ya kahawia inayong'aa, nami nilitaka nyeupe ifanane na viti vipya. Mtandaoni nilimwona dada mmoja akisema siku hizi hakuna haja ya kupiga msasa, unapaka tu. Nikachukua rangi ya maji iliyobaki tulipopaka ukuta, nikapaka mikono mitatu, yaani mara tatu. Wiki ya pili yakatokea madoa ya kahawia. Kisha ikawa zamu ya chama kuja kwangu. Tulipoinua vikombe, kimoja kiliondoka na rangi, na vitambaa vyangu vya kushona vikawa vimeganda mezani hadi nikavikata kwa makasi. Nipake vanishi juu yake iishe?" – Msomaji, Umoja

Dada, pole kwa vitambaa. Najua kimoja kinachukua jioni ngapi.

Hiyo vanishi iache dukani kwanza. Vanishi hushika kile kilicho chini yake. Kama kilicho chini kimelegea, vyote viwili vitaondoka na kikombe kitakachofuata. Mteja akiniuliza apake nini juu, mimi humrudishia swali: chini kuna nini? Kwenye meza yako chini kuna mambo matatu, na nitayataja yote kwa sababu kila mwezi napata barua inayofanana na yako, tofauti ni mtaa tu.

Huo mng'ao wa kahawia ndio wa kwanza. Meza ya mama mkwe, kama nyumba nyingi nilizoingia, imepuliziwa polishi ya mkebe kila Jumamosi kwa miaka. Polishi nyingi za aina hiyo zina silikoni, na juu ya silikoni rangi hukimbia, inaacha vishimo vya mviringo kama macho ya samaki. Hata pale ambapo haikukimbia, haikupata pa kujikamatia kwa sababu uso ulikuwa laini kama sahani. Rangi yako iliketi juu ya meza kama utando juu ya uji. Ukitaka kuhakikisha, chukua wembe, chora alama ya msalaba sehemu isiyoonekana, bandika tepu juu yake, ibonyeze vizuri, kisha ivute kwa mkupuo. Rangi iliyoshika hubaki. Yako itakuja yote na tepu, naweza kukuapia.

Madoa nayo ni chai, au tuseme ni binamu yake. Mahogani ina tanini, kitu kilekile kinachokausha ulimi ukinywa chai ya rangi iliyokolea. Tanini huyeyuka katika maji. Vanishi ya zamani huwa na nyufa ndogo usizoziona, maji ya rangi yakapenya humo, yakaichovya mbao kama majani ya chai, na yalipokuwa yakikauka yakapanda juu na rangi yake. Ukiongeza mkono wa nne wa rangi ileile, umeongeza maji ya chai. Ungepaka hata mikono kumi, madoa yangerudi.

Halafu hiyo rangi ya ukuta. Sina ugomvi nayo ikiwa ukutani. Ukuta haubebi sufuria, hauegemewi na viwiko, hauwekewi kikombe cha moto. Rangi ya maji ya ukuta hubaki na ulaini fulani hata ikiwa imekauka, na joto likiipata huzidi kulainika. Kitu kizito kikikaa juu yake, vinashikana. Ndiyo habari ya kikombe na vitambaa.

Kuhusu dada wa mtandaoni, nisimwonee. Maneno ya kutopiga msasa yana asili yake. Mwaka 1990 Mwingereza mmoja, Annie Sloan, alianza kuuza rangi ya fanicha aliyoiita Chalk Paint, nzito, kavu machoni kama chaki, na sifa yake kubwa ni kwamba inashika sehemu nyingi bila maandalizi marefu, kisha unaifunika kwa nta. Watu wakaipenda, wengine wakaanza kutengeneza yao jikoni kwa kuchanganya rangi ya ukuta na plasta ya Paris. Kutoka hapo ushauri ukatembea peke yake, ukaachana na ile rangi, ukafika Umoja ukakuta mkebe wa rangi ya ukuta uliobaki. Na hata hiyo ya Annie Sloan haizuii tanini. Mahogani itaitoboa tu.

Sasa kazi. Lowesha tambara kwa spiriti, lilaze juu ya rangi dakika chache, rangi ya maji italegea. Ikwangue kwa kikwangulio butu ukifuata mwelekeo wa nyuzi za mbao. Fungua madirisha yote, na moto wa jiko usiwe karibu. Ikishatoka, osha kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya vyombo kilichokamuliwa sana, kausha, kisha pangusa kwa tapentaini mara mbili, kila mara kwa tambara safi. Usirudie tambara chafu, utakuwa unaihamisha silikoni kutoka kona moja hadi nyingine. Baada ya hapo ndipo msasa namba 120, kisha 180 ulio laini zaidi. Watu hukosea hapa, wanaanza na msasa kabla ya kuosha, na msasa unaisugua polishi ikaingia ndani zaidi ya mbao.

Vumbi lifute kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Ukipitisha kiganja usisikie unga, endelea.

Kisha shelaki. Ni utomvu unaotolewa na mdudu mdogo huko India na Thailand, unayeyushwa kwa spiriti, na mjomba wangu alikuwa akiiheshimu kuliko binadamu wengi. Paka mikono miwili myembamba. Tanini haivuki shelaki kwa kuwa haina njia ya maji, na rangi karibu zote hushika juu yake. Hukauka haraka, saa moja inatosha kati ya mkono na mkono, na ukipitisha msasa namba 320 kwa wepesi itatoa unga mweupe. Ikikunjamana badala ya kutoa unga, subiri.

Juu yake tumia rangi ya maji ya mbao na chuma, ile ngumu, mwambie mwenye duka ni ya milango na fanicha. Paka mkono mwembamba, lala, kesho upake mkono wa pili. Ukitaka kinga juu ya weupe, nunua vanishi ya maji. Vanishi ya mafuta hugeuka manjano kadiri inavyozeeka, na juu ya nyeupe utaiona kabla ya Krismasi.

Halafu kuna jambo ambalo hakuna mteja wangu amewahi kulipenda. Rangi kukauka si kukomaa. Jioni ileile utaigusa isikushike mkono, ukadhani tayari. Ndani bado mbichi. Aina hii huchukua wiki tatu hadi nne kuwa ngumu kabisa, na katika majira haya ya mvua mimi huhesabu nne. Unaweza kuitumia kwa upole baada ya siku chache, lakini vitambaa, redio, chungu cha maua na kitu chochote cha plastiki laini vikae mbali mpaka mwezi uishe. Chama kikija kabla ya hapo, wape vikombe mkononi.

"Mama Fundi, mimi ni kijana, nafanya kazi Kariobangi. Nimetengeneza stendi ya TV, juu mbao ya mahogani, pande ni MDF, ule ubao wa nyuzi zilizokandamizwa. Nilipuliza laka vizuri tu, nikaenda kula, kurudi nikakuta imekuwa nyeupe kama imemwagikiwa maziwa. Mteja amekataa. Pia kingo za MDF zinafyonza rangi kila nikipaka na zimebaki kama biskuti. Niongeze laka?" – Fundi mchanga, Kariobangi

Mwanangu, ngoja kwanza.

Ulipuliza saa ngapi? Nakisia ni asubuhi, au kulikuwa na mawingu. Thina, ile dawa ya kuyeyushia iliyo ndani ya laka, huruka haraka sana, na ikiruka huondoka na joto. Uso wa mbao unapoa ghafla, na unyevu wa hewani unatua juu yake kama jasho kwenye chupa ya soda baridi. Laka inakauka ikiwa imeyafungia ndani hayo maji, nawe unaona maziwa. Kosa si la laka, wala mkono wako hauna tatizo.

Habari njema ni kwamba laka ya kawaida ya nitroselulosi huyeyuka tena ikiguswa na thina, hata miaka ikipita. Subiri siku ya jua, saa nne na kuendelea, puliza thina peke yake kwa wepesi kama umande, uso utafunguka, maji yatatoka, weupe utaondoka. Ukiweza kupata ile thina ya kuchelewesha, changanya kidogo. Na kabla hujagusa bunduki ya kupulizia, fungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa. Maji yatakayotoka hapo yatakushangaza. Hewa ikikandamizwa huacha maji yake, na kama huyamwagi yanapanda mpirani hadi kwenye kazi ya mteja.

Mimi kwa mwezi huu wa Aprili sipulizi laka kabla ya saa nne wala mvua ikinukia. Wateja wananiita mvivu. Julai pia, ile baridi ya asubuhi, naanza kwa chai.

Kuhusu kingo za MDF: uso wake umekandamizwa, lakini ukingo uliokatwa ni nyuzi zilizofunguka, ni kama mirija elfu inayosubiri kinywaji. Usizipe rangi ya maji moja kwa moja, zitavimba. Piga msasa 180, paka fila, ile dawa ya kuziba matundu, nyembamba kwa kidole au shelaki mara mbili tatu, acha ikauke, piga msasa 240 mpaka ukingo uwe laini kama uso, ndipo ulete praima, ile rangi ya kwanza ya kutangulia. Ukingo unataka muda mara tatu ya uso, bei yako iuhesabu huo muda.

Na kwa kuwa u kijana wa laka, nikupe aibu yangu uitumie bila kuilipia. Mwaka 2003 nilipewa viti vya kanisa fulani, vilikuwa na rangi ya mafuta ya kung'aa, wakataka viwe na mng'ao mpya kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Ijumaa jioni nikapuliza laka juu ya ile rangi. Nilikuwa sijamaliza kiti cha tatu nikaona cha kwanza kinakunjamana, uso mzima ukawa kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Thina ya laka ni kali, inaingia chini ya rangi ya mafuta na kuiinua. Usiku ule tulikwangua, mimi, mjomba na vijana wawili, na bibi harusi aliketi juu ya mbao tupu iliyofunikwa shuka. Rangi ya mafuta juu ya laka kuukuu iliyopigwa msasa, sawa. Laka juu ya rangi ya mafuta, usithubutu. Kama hujui chini kuna nini, jaribu pembeni: pamba yenye spiriti ikilainisha uso na kunata, hiyo ni shelaki au rangi ya maji. Ikishindwa, jaribu pamba yenye thina, ikiyeyuka na kuwa kama gundi, ni laka. Ikikunjamana na kujiinua badala ya kuyeyuka, una rangi au vanishi ya mafuta.

"Shikamoo mama. Nyanya yangu wa Lamu ametuachia kasha la zamani, zito, lenye misumari ya shaba nyeupe na manjano iliyopangwa kama maua. Limekuwa jeusi na kifuniko kimepasuka kidogo tangu tulilete Nairobi. Mke wangu ameona picha, anataka tulipake nyeupe na dhahabu liwe pambo la sebule. Mimi sina neno, ila nataka rangi idumu. Tuanze na praima gani?" – Msomaji, South C

Marahaba mwanangu. Praima hakuna. Nimesoma barua yako mara mbili, mara ya pili nikiwa nimesimama.

Nitakujibu kama fundi, kisha kama mtu mzima. Kama fundi: naweza kukupakia rangi ikakae miaka ishirini. Nitaliosha kasha, nitaliziba kwa shelaki, nitapaka. Lakini ile misumari, njumu tunavyoiita, ipo mamia, na kila mmoja utataka kuzungushiwa burashi au kuzibwa tepu. Ukipaka juu yake, rangi haitakaa: chuma laini kinachoguswa na mikono na kupanuka kwa joto tofauti na mbao kitaibandua pembeni, na kila kichwa cha msumari kitakuwa na ukoko mweupe uliopasuka. Kwa hiyo hata hesabu ya kudumu inakukataza.

Kama mtu mzima: makasha mengi ya namna hiyo yalifika pwani yetu na majahazi kutoka Bara Hindi, mara nyingi yakiwa ya msaji, na yalibeba mahari, hati, kanga na siri. Lamu yenyewe, mji wake wa kale, iliingizwa 2001 kwenye orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia kwa sababu ya vitu ambavyo watu hawakuvipaka nyeupe. Mwambie mkeo nimesema hivyo kwa upendo. Kabla hamjagusa chochote, tafuteni ndani: baadhi ya makasha hayo yana kisanduku cha siri nyuma ya droo ndogo ya pembeni. Nilipofungua moja ya mteja wangu nilikuta pini ya nywele na risiti iliyofifia, naye akalia.

Weusi huo huenda si rangi ya mbao. Ni moshi, mafuta ya mikono, nta na vumbi la miaka. Chukua kitambaa cha pamba, tapentaini kidogo, anza upande unaoelekea ukutani. Kama kitambaa kinakuja cheusi na mbao inaonekana nyekundu chini, endelea polepole, kiganja kwa kiganja, ukibadilisha kitambaa. Msasa usiingie nyumba hiyo. Msasa ungeondoa ngozi ya mbao iliyochukua miaka kupata rangi yake, na hakuna duka la Nairobi linaloiuza.

Njumu zisafishwe kwa dawa ya shaba, lakini kwa uangalifu. Dawa hiyo ikiingia kwenye mbao huacha unga mweupe usiotoka kwenye nakshi. Kata kadi ngumu, itoboe tundu la ukubwa wa kichwa cha msumari, ivishe, safisha, sogeza. Ndiyo, moja moja. Weka redio. Ni kazi ya Jumapili nne.

Ukimaliza, jaribu kwa pamba yenye spiriti mahali pa siri kama nilivyomweleza kijana wa Kariobangi. Ikinata, ni shelaki, na huo ni wepesi wako: shelaki mpya huungana na ya zamani. Paka nyembamba sana kwa kitambaa kilichokunjwa, acha siku mbili, kisha nta ya nyuki, kiasi cha harage kwa kifuniko kizima, sugua hadi kitambaa kiteleze. Nta siku zote iwe ya mwisho. Kitu chochote kikipakwa juu ya nta hakishiki.

Ule ufa usikutie hofu. Kasha limetoka kwenye hewa yenye maji ya pwani, likaja kwenye mji ulio karibu mita 1,800 juu ya bahari ambako Januari na Februari hewa hukauka. Mbao imepoteza maji, imenywea. Usiuzibe ufa kwa fila ngumu: mvua za Machi hadi Mei zikija mbao itavimba, ikute fila imekaa mahali pake, na itapasuka kwingine. Ukitaka kuuficha, jaza nta laini ya rangi inayofanana. Na liondoe karibu na dirisha la jua la asubuhi.

Mke wako bado anataka nyeupe na dhahabu, na ana haki ya sebule yake. Mnunulieni fremu ya kioo pale Gikomba, ya saiprasi, ipakeni hizo rangi, itundikeni juu ya kasha.

"Fundi, mume wangu amepaka kitanda cha mtoto rangi ya mafuta ya manjano. Aliinunua ikiwa imepimwa kwenye chupa ya soda, haina jina. Mtoto ana miezi minane, anaota meno na anatafuna ubao wa juu. Harufu bado ipo baada ya wiki mbili. Ni sawa?" – Mama, Kayole

Mtoe kitandani leo, alale nawe.

Harufu ni ishara kwamba rangi haijakomaa, na rangi ya mafuta katika chumba kisichopitisha hewa inaweza kuchukua mwezi. Hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba hujui chupani kulikuwa na nini. Rangi za mafuta za manjano, nyekundu na kijani kwa miaka mingi zimekuwa zikikolezwa kwa madini ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao makuu hapa hapa Gigiri, linapendekeza risasi isizidi sehemu 90 katika milioni kwenye rangi. Mkebe wenye jina na lebo unaweza kuulizwa swali hilo. Chupa ya soda haiwezi.

Usiipige msasa mkavu, vumbi lake ni baya kuliko kutafuna. Kama kitanda ni cha bei ya kawaida, ningekiacha kiende. Kama ni cha mbao nzuri mnachokipenda, fundi akipeleke nje, atumie dawa ya kuondoa rangi na msasa wa maji, maganda yakusanywe kwenye karatasi yafungwe, nanyi mtoto na wewe mkiwa mbali. Kisha ule ubao wa juu mwambie abadilishe kabisa, aweke mbao mpya iliyopigwa randa na msasa 240, bila kitu juu. Mtoto atatafuna mbao. Wajukuu wangu watatu wametafuna mbao.

Na mzee wa nyumba umwambie taratibu. Alitaka kumpambia mtoto.

"Habari. Nina benchi la mbao kwenye balkoni, Kileleshwa. Vanishi inapasuka kila mwaka na miguu inaoza. Rafiki kaniambia nitumie mafuta ya linsidi. Wewe unasemaje?"

Nyuma ya kibanda changu kuna ubao nilioutundika 2016 ukielekea jua, nimeugawa vipande, kila kipande na dawa yake, tarehe zimeandikwa kwa kalamu ya chuma. Vanishi ya ndani ya kawaida ilianza kupasuka kabla ya mwaka wa pili. Vanishi ya nje yenye kinga ya jua ilikwenda mbali zaidi. Rangi kamili ya kijani, isiyopenyeka mwanga, ndiyo bado imesimama. Jua letu la karibu na ikweta, kwenye huu mwinuko, hupita katika vanishi angavu na kuichoma mbao iliyo chini, nyuzi za juu zinakufa, na vanishi inabaki imeshika maiti. Rangi huuzuia huo mwanga. Kwa hiyo benchi la balkoni ningelipaka rangi. Ukiona uchungu kufunika mbao, tumia vanishi ya nje, mikono mitatu hata minne, na kila mwaka kabla ya mvua za Machi upitishe msasa mwepesi na mkono mmoja mpya bila kungoja ipasuke.

Miguu inaoza kwa sababu ncha zake zimekatwa na zinakunywa maji ya sakafuni kama mrija. Ligeuze benchi, ncha zikauke wiki nzima, zipe rangi mara nne, kisha zipigilie vipande vya plastiki chini zisiguse maji. Dakika ishirini za kazi, na hakuna fundi anayezifanya bila kuambiwa.

Linsidi, hayo mafuta ya mbegu za kitani, ni mazuri kwa kupendeza, ila nje hukaa muda mfupi na katika unyevu huvutia kuvu jeusi. Ukiyatumia, sikiliza hili hata kama mengine umeyaruka. Mafuta hayo hayakauki kwa kuruka hewani. Hukauka kwa kuvuta oksijeni, na yanapofanya hivyo hutoa joto. Tambara lililolowa linsidi likifinyangwa na kutupwa kwenye rundo, joto hilo halina pa kutokea, linaongezeka, na tambara linajiwasha lenyewe bila kiberiti. Mwaka 2009 niliacha matambara manne kwenye karai, kona ya kibanda, nikaenda nyumbani. Mlinzi aliona moshi saa tano usiku. Aliyamwagia ndoo ya maji ya kunywa ya jirani, na tulipoteza turubai na nusu ya meza ya mteja, ambayo nililipa kwa miezi mitatu.

Sasa matambara yangu ya linsidi hulowekwa kwenye maji, yakakunjuliwa na kuanikwa moja moja kwenye waya nje ya kibanda, mbali na mbao, mpaka yakakamae kama ngozi. Wapita njia wa Ngong Road hudhani nafua nepi.